Safari Rally Ikiwa Naivasha: Uende au Upite?

Msafiri anayeteremka Mai Mahiu wikendi ya Safari Rally hulazimika kuamua mapema. Mlima Longonot uko kushoto kwake, barabara imejaa magari yenye bendera, na kila aliye ndani ya gari ana maoni yake. Mmoja anataka kuyaona magari ya Toyota na Hyundai yakipasua vumbi la Kedong, mwingine anataka muziki wa usiku kando ya ziwa, na wa tatu ana harusi Nakuru kesho asubuhi. Sisi tunaopanga usafiri na usalama wa mikusanyiko mikubwa huanza na swali moja: utatokaje? Anayeweza kulijibu kwa saa na kwa jina la barabara, namshauri aende, tena kwa moyo mkunjufu. Asiyeweza, apite.

Mbio hizi hazikuwa hivi tangu mwanzo. Zilipoanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yalizunguka maelfu ya kilomita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za kawaida. Shabiki hakuhitaji kufunga safari, kwa kuwa mbio zilimpitia mlangoni. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965, na Shekhar Mehta alipochukua ushindi wake wa tano mwaka 1982, waliowashangilia walikuwa wametawanyika vikundi vikundi kando ya njia ndefu. Baada ya 2002 Kenya ilitoka kwenye ubingwa wa dunia. Iliporudi Juni 2021, baada ya korona kuzima mbio za 2020, mpango ulikuwa mwingine kabisa. Mikondo ya kushindania muda, yenye jumla ya kilomita 320 hivi, ilikusanywa karibu yote kwenye eneo la maziwa ya Naivasha na Elmenteita: Loldia, Kedong, Oserian, Hell's Gate, Soysambu, Sleeping Warrior. Njia iliyofungwa ndani ya ranchi na mbuga ni rahisi kuilinda na kuionyesha kwenye televisheni. Lakini umati uliokuwa umetandaa juu ya nchi tatu sasa huja kwenye mji mmoja kwa siku nne. Sherehe tunayoijua leo ilizaliwa hapo, pamoja na msongamano wake.

Tazama ramani. Kati ya Nairobi na Naivasha kuna barabara ya juu inayopitia Limuru na Kinungi, na ya chini inayoshuka bondeni kupitia Mai Mahiu na Longonot, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano miaka ya 1940, na ambayo malori mazito huitegemea. Akifika Naivasha, anayekwenda Hell's Gate au hoteli za upande wa kusini wa ziwa huingia Moi South Lake Road, akapita Karagita na kuendelea. Barabara hiyo ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, nayo ndiyo ya matatu, ya bodaboda na ya mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua.

Wahandisi wa barabara wana hesabu rahisi. Magari yakifuatana bila kikwazo, moja kila sekunde mbili, njia moja hupitisha magari 1,800 kwa saa. Weka bodaboda zinazochomeka, watu wanaovuka, gari linalokata kona kuingia kambini, na idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini yake. Sasa tuseme magari 6,000 yanataka kutoka Jumapili mara tu baada ya washindi kupokea vikombe. Kwa magari 900 kwa saa, la mwisho litatoka baada ya saa sita na dakika 40 hivi, na hapo halijaanza kupanda kwenda Nairobi. Hakuna askari wa trafiki, hata awe hodari vipi, anayeweza kuibadilisha hesabu hiyo. Kinachoweza kubadilika ni saa ya kuondoka kwako.

Jambo la pili ambalo wageni wengi hawalijui ni jinsi mkondo unavyofungwa. Njia hufungwa mapema, muda mrefu kabla ya gari la kwanza la mashindano. Kisha hupita magari ya usalama yenye namba 000, 00 na 0, yakikagua kama watu wamekaa panapostahili. Washindani hufuata mmoja mmoja, wameachana dakika kadhaa ili vumbi litue, na mwisho hupita gari la kufagia njia. Mpaka hilo lipite, huruhusiwi kuvuka wala kuondoa gari lako ikiwa uliliegesha upande wa ndani. Mkondo mmoja kwa kawaida hurudiwa mchana. Kwa hiyo aliyesema atasimama nusu saa halafu aendelee na safari ya Kisumu anaweza kujikuta amefungiwa humo mpaka alasiri. Egesha nje, pua ya gari ikielekea utakakotokea.

Kuhusu umati wenyewe, hofu ya watu wengi huangukia mahali pasipo. Kwenye uwanda wa Kedong, chini ya Longonot, kuna nafasi tele na watu husambaa wenyewe. Hatari ya kubanana huwa langoni, kwenye daraja la muda, kwenye kichochoro cha nyuma ya jukwaa la muziki na kwenye mlango wa klabu saa nane za usiku. Wataalamu hupima kwa idadi ya watu katika mita moja ya mraba. Wakiwa wawili au watatu, unatembea utakavyo. Wakifika wanne, hali inahitaji macho. Wakizidi watano, kila upande wa mwili wako unamgusa mtu, na kuanzia sita au saba umati huenda kama maji, ukikubeba hata miguu ikikataa. Hapo watu hufa kwa kukosa pumzi wakiwa wamesimama. Mjini Duisburg, Ujerumani, watu 21 walikufa Julai 2010 kwenye njia ya kuingilia tamasha la Love Parade. Itaewon, Seoul, zaidi ya watu 150 walikufa Oktoba 2022 katika kichochoro chenye upana wa mita tatu hivi. Sehemu zote mbili palikuwa na nafasi kubwa karibu, ila njia ya kuifikia ilikuwa nyembamba na watu walikutana humo wakielekea pande mbili. Ukiona watu wanaingia na kutoka kwa mlango mmoja mwembamba, usiuingie, hata kama msanii unayempenda ameshapanda jukwaani. Ukiwa tayari umebanwa, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usisukumane na wimbi, na usogee kimshazari kuelekea pembeni.

Kando ya njia ya mbio, kanuni ni nyingine. Mwaka 1986 nchini Ureno, gari liliacha njia likaingia kwenye umati uliokuwa umesimama ukingoni kabisa, likaua watazamaji watatu na kujeruhi wengine wengi. Gari linaloshindwa kukata kona huendelea mbele upande wa nje wa kona, na hapo ndipo wapiga picha wa simu hupenda kusimama. Simama juu, kwenye kilima au ukingo ulioinuka, nyuma ya utepe, na uwe na pa kukimbilia. Usikae mtaroni. Msimamizi wa njia akikuambia usogee, sogea bila mabishano. Mkondo mzima unaweza kusimamishwa au kufutwa kwa sababu ya watu waliokaa vibaya.

Halafu kuna msimu. Kuanzia 2021 hadi 2023 mbio zilifanyika Juni. Mwaka 2024 zilihamia Machi, zikaangukia Pasaka kama zamani, na mwaka 2025 zikawa Machi tena. Huo ndio wakati masika yanapobisha hodi. Ardhi ya Kedong na Longonot ni majivu ya volkano: kavu, hugeuka ungaunga ambao madereva huuita fesh-fesh, unaofunika mawe na kuziba pumzi; ikinyeshewa, hukatika makorongo. Machi 2018 mvua zilifungua ufa mkubwa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Gari dogo la mjini lililoingia asubuhi kukiwa kukavu huenda lisitoke jioni bila kuvutwa na trekta. Na kama mvua imeanza, usitafute matembezi ndani ya korongo la Hell's Gate wakati wa mapumziko. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena Septemba 2019.

Nani aende basi? Kwa maoni yangu, anayeelekea magharibi ana bahati kuliko anavyodhani. Katika miaka hii ya karibuni, Jumamosi imekuwa siku ya Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior. Akilala Nakuru au Gilgil, anafika huko bila kuugusa mji wa Naivasha wala barabara ya ziwani, na bila kulipa bei za vyumba ambazo hupaa wiki hiyo. Anayetoka Nairobi na ana siku moja tu achague Ijumaa na Kedong, ikiwa ramani ya mashabiki ya mwaka huo imefungua lango upande wa Longonot. Ratiba hubadilika, hivyo isomwe upya kila mwaka. Hell's Gate ya Jumapili ina mandhari isiyo na kifani, lakini nawaachia wanaolala hadi Jumatatu. Wala mgeni wa siku moja asidhani kwamba kila kitu huamuliwa Hell's Gate: mwaka 2021 dereva Thierry Neuville aliongoza hadi Jumapili asubuhi, gari lake likavunjika Loldia, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier.

Asiende mwenye ndege Jumapili usiku, mwenye mtoto mchanga, au aliyepewa lifti na dereva anayepanga kunywa. Aliyekuja kupanda Longonot apange wikendi nyingine. Mlima una mita 2,776 na mzunguko wa ukingo wa shimo lake ni kilomita saba na zaidi. Ukishuka umechoka, kukaa saa tano kwenye foleni ya malori si mapumziko.

Kuna hesabu moja zaidi, nayo naiona nzito kuliko zote. Hospitali kubwa ya eneo hilo iko mjini Naivasha, na mama anayeshikwa na uchungu Kongoni au Kamere wikendi hiyo ana barabara ileile uliyojia wewe. Gari lililoegeshwa kwenye ukingo wa lami linamfungia ambulansi nafasi pekee ya kupita. Ukienda, lipia maegesho ndani ya kiwanja, panda matatu au treni maalumu ya mashabiki ikiwa Shirika la Reli limeiandaa, na Jumapili ondoka kabla ya mkondo wa mwisho au ulale.