LUKU kuisha si sawa na umeme kukatika

Nilikwenda Mbagala Kizuiani kwa ajili ya feni. Ya mezani, imechoka, inazunguka kama mtu aliyetumwa asikotaka, na jirani yangu alikuwa ameniapia kwamba huko kuna fundi anayesuka mota zikarudi kama zimetoka dukani jana. Nikamkuta ameinamia meza yake, midomo inacheza bila sauti, waya wa shaba unapita katikati ya vidole. Nikasalimia. Nikasalimia tena. Hakuinua kichwa. Mkewe, aliyekuwa akikaanga mihogo kibarazani, akanisogezea kigoda.

"Ngoja amalize, kaka. Anahesabu mizunguko. Ukimkatisha anaanza moja."

Nikakaa. Mtu asiye na kazi hutazama ukuta, nami nikautazama. Kulikuwa na kipande cha kamba ya manila kilichofungwa kwenye misumari miwili, usawa wa kifua cha mtoto, na juu yake vibanio vya nguo vimeshika vipande vya boksi la sabuni. Kila kipande kilikuwa na mchoro wa kalamu nene: kikombe kinachofuka mvuke, ndoo na kopo, shati, bajaji, feni. Nilidhani ni michezo ya watoto.

Kisha umeme ukakatika. Redio ya kinyozi wa jirani ikanyamaza katikati ya neno, mtaa ukaguna kama unavyoguna siku zote. Mvulana wa miaka tisa hivi, ambaye hadi hapo nilikuwa sijamwona kwa jinsi alivyotulia nyuma ya mlango, akainuka. Akaiendea kamba. Akaitoa ile kadi ya feni, akafungua kopo la Blue Band lililokuwa chini, akachagua kadi yenye taa ya balbu iliyopigwa mkasi, akaibana mahali pa feni. Akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Akaketi. Hakuna aliyemwambia kitu, na yeye hakumwambia mtu.

"Hiyo ni ya umeme kukatika," mama yake akanieleza, akigeuza mihogo. "Kuna nyingine ya LUKU kuisha."

"Kwani si giza lile lile?"

Akacheka. "Hilo kamuulize mwalimu."

Neno hilo lilinikaa. Nimeandika habari za umeme kwa miaka, na haijanipitia kichwani kwamba giza lina aina mbili.

Mwalimu anaishi Mtoni kwa Aziz Ali. Amestaafu. Alisomea elimu maalum Patandi, Arusha, akafundisha Kinondoni, kisha Temeke, na sasa huzunguka nyumba za watoto wachache kwa nauli anayopewa, au asiyopewa. Alikubali tuzungumze kwa sharti kwamba jina lake lisionekane, na ya familia yasikaribie kuonekana. Nilipomwamkia aliitikia, akaniangalia kwa kitambo.

"Umekuja kuandika habari za kadi au za watoto? Maana waandishi tunawaona Aprili, mwezi unaofuata hatuwajui."

Alikuwa na maana ya Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya usonji. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya LUKU. Hapo akavua miwani.

Mwanzoni, alisema, kadi ya giza ilikuwa moja tu, ile ya balbu iliyopigwa mkasi. Ilifanya kazi vizuri. Umeme ukikatika, kadi inabanwa, mtoto anajua feni za baba hazitazunguka, anasubiri. Jioni moja uniti zikaisha. Mama akafanya kama alivyofundishwa: akabana kadi. Mtoto akaitazama kadi, akatazama dirishani, akaitoa. Mama akaibana tena. Mtoto akaitoa tena, akamtia mama yake mkononi, akamvuta hadi dirishani. Mama hakuona kitu cha kuona. Mtoto akajitupa chini na kuanza kukigonga kichwa sakafuni, na usiku ule wakwe waliokuwa wamekuja kusalimia wakakata shauri kwamba kuna walichomtupia watu.

"Nilifika siku ya tatu," mwalimu alisema. "Mama ananisimulia huku analia, mimi nikacheka mpaka nikaona aibu. Nikamwambia, mwenzangu, hukuelewa? Dirishani kulikuwa na nini? Taa ya jirani inawaka! Kadi yako inasema mtaa hauna umeme, na mtaa una umeme. Mtoto alikuwa anakwambia unasema uongo. Maneno hana, ushahidi anao."

Akachora kadi ya pili: mita yenye sifuri, na pembeni yake mkono ulioshika simu. "Kwa sababu LUKU ina la kufanya. Mtu ananunua, anabonyeza namba, mwanga unarudi. Umeme ukikatika hakuna la kufanya, ni subira. Wewe na mimi tunaita yote giza kwa kuwa tumezoea kudanganyana kidogo. Yeye hajazoea."

Kadi hazikuzaliwa Mtoni. Ratiba za picha zilikuzwa zaidi katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, na mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake, ambao mpango wao ulichukuliwa na jimbo zima mwaka 1972. Waliona kwamba watoto wengi wenye usonji hushika kwa macho kile kinachowapotea kwa masikio. Neno husemwa likapita. Picha inabaki ukutani inakungoja.

Mwalimu alizipata za kwanza kwenye mafunzo, nakala zilizofifia za fotokopi. Choo cha kukalia chenye mfuniko. Basi kubwa la shule. Mkate uliokatwa pembe tatu, umefichwa majani. Kwa baridi, mtu wa theluji. Alizibandika darasani kwa heshima zote. "Mtoto mmoja nikampa azipange. Choo akakiweka pamoja na viti. Nikamtazama, nikasema, huyu akili anayo, karatasi ndiyo haina." Akachora choo cha kuchuchumaa na kopo lake. Akachora jamvi, jiko la mkaa, daladala iliyojaa hadi mlangoni. Hiyo ya mwisho ina kazi yake: humwambia mtoto kwamba gari hili litapita na sisi hatutapanda.

Hapa ndipo anapozungumza kwa kirefu, na mimi nilimwacha. Zile za Marekani, anasema, zilikuja na kadi moja tu ya mabadiliko, alama ya kusema leo mambo si kama kawaida. Ilitengenezwa kwa nchi ambayo basi likisema saa moja na nusu ni saa moja na nusu. "Mbagala, hiyo ya mabadiliko ndiyo kila siku. Ningebana moja ingeozea ukutani." Ndiyo maana kopo la Blue Band limejaa: maji hayajatoka, mvua imekata njia, mgeni amekuja, mwalimu hakufika, gari limejaa. Barabara ya Kilwa ilipochimbuliwa kwa ajili ya mwendokasi, vituo vilihama, miti aliyoihesabu mtoto njiani ikatoweka, na ilichukua wiki nzima ya kadi za tingatinga kabla hajakubali kutoka nyumbani.

Nilimuuliza kama si kumdekeza. Ni swali la kijinga, lakini ndilo linaloulizwa kila kibaraza nilichokaa tangu siku ile. "Wewe una kalenda ya simu inayokulilia kila ukiwa na kikao," alinijibu. "Nani amekudekeza?"

Historia ya usonji msomaji anaifahamu au ataisoma penginepo. Leo Kanner aliandika juu ya watoto 11 kule Baltimore mwaka 1943. Hans Asperger aliandika juu ya watoto wa kwake, Vienna, mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi baadaye madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama, kwamba ni wa baridi, hawakuwapenda watoto vya kutosha, na Schopler alikuwa mmoja wa waliolipinga hilo mapema. Nalitaja kwa sababu tuna kawaida ya kudhani lawama kwa mama ni ujinga wa uswahilini peke yake. Walikuwa nayo maprofesa. Yetu imevaa kanga tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Nilichukua kalamu: Temeke pekee, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni 1.3. Gawanya, unapata zaidi ya elfu kumi. Hesabu ni yangu na ni ya kukisia, lakini nilipoibeba hadi kwa mwalimu aliuliza swali moja tu: "Wako wapi?" Anazijua shule zilizofungua mlango, kama Msimbazi Mseto kule Ilala na kitengo chake cha usonji, au Sinza Maalum. Madawati yao anayajua karibu kwa idadi. Hao wengine wako nyuma ya milango.

Au wako katikati yetu kwa majina mengine. Lugha yetu haikukosa maneno, ilikuwa nayo kwa fungu: zezeta, taahira, punguani, zuzu, na kwa mtoto asiyetulia, mtundu asiye na adabu. "Usonji" ni neno jipya masikioni na mwalimu analipenda kwa sababu moja, kwamba bado halijatumika kutukania. "Lipe muda," alisema, bila kutabasamu.

Kuhusu sauti alinisimulia juu ya kijana ambaye sasa ni mtu mzima. Aprili 29, 2009, maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka Mbagala, kila mtu alikimbia, na kila mtu alipata hofu yake. Wengine ilipoa. Yule kijana hadi leo huziba masikio pikipiki ikikohoa, na singeli ikiwashwa mtaa wa tatu yeye huingia chini ya kitanda. "Masikio yake hayana mlango. Yetu yana pazia, tunasikia tunachotaka." Je, ni usonji wake, au ni jeraha la siku ile, au ni vyote viwili vimelala kitanda kimoja? Hajawahi kupata wa kumtenganishia.

Lingine ambalo halijatenganishwa ni homa. Mama wa mvulana wa LUKU anaapa kwamba mwanawe alikuwa na maneno sita alipokuwa na mwaka na nusu. Akapata malaria kali, akalazwa, akarudi bila hata moja. Sikulichukulia kwa uzito hadi nilipokumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ambao Dk Noah Ndosi alikuwa miongoni mwa walioufanya, juu ya watoto 20 wenye usonji hapa Tanzania. Kwa baadhi yao dalili zilionekana baada ya malaria kali. Watoto 20 ni wachache mno kwa kuthibitisha chochote, na watoto wengi wenye usonji hupoteza maneno umri uleule bila homa yoyote. Nilijaribu kumweleza mama hivyo. Alinisikiliza kwa adabu, akaniwekea mihogo mingine.

Mama huyo alikonda sana miaka ile, mwalimu ananiambia. Aliacha harusi, akaacha vikoba, akaacha kujibu simu za dada zake. Alikuwa akimfungia mtoto ndani, naye akijifungia pamoja naye. Hospitali walipomwandikia mtoto tarehe ya kurudi, hakuna aliyemuuliza yeye analala saa ngapi. "Mama huja na faili la mtoto," mwalimu alisema. "Lake limo ndani ya lilelile, halifunguliwi." Ilikuwa sonona, na ilipata jina lake kwa bahati, siku muuguzi mmoja alipogeuza kiti akamwangalia mama badala ya mtoto.

Nikamuuliza juu ya baba.

Alikaa kimya kwa muda hata nikadhani hakunisikia. Kisha akasema: "Umemwona anavyosuka?" Nikasema nimemwona. "Miaka kumi na mbili anakula chakula kilekile saa ileile. Misibani anasimama nje. Watu wanasema ana kiburi. Mimi nimekaa na watoto hawa maisha yangu yote, na macho yangu yanajua yanachokiona. Lakini mimi si daktari, na yeye hajaniuliza. Mtu mzima mwenye kazi na mke na heshima yake, nikimpa neno hilo nimempa nini? Nafuu, au kesi?"

Sikuwa na jibu. Sina hata sasa. Nikarukia lingine, mvulana akifika miaka kumi na minane itakuwaje, na huko nako akainuka kwenda kuchambua mchele.

Nilirudi Kizuiani Jumamosi kuchukua feni. Fundi alikuwa mezani, mota ya mtu mwingine mkononi, midomo inacheza. Mteja mmoja aliyevaa jezi ya Yanga alikuwa ameshaanza kufoka kwamba haiwezekani mtu asalimiwe asiitike. Juu ya meza, usawa wa macho ya mtu mzima, palikuwa na msumari mpya, kibanio, na kipande cha boksi kilichochorwa mdomo uliofungwa.

Mwenye jezi hakukiona. Nikamsogezea kigoda.

Fundi alipomaliza aliandika namba kwenye daftari, akaitoa ile kadi, akaiweka mfukoni. "Karibuni," alisema. Feni yangu ilikuwa kapasita tu. Elfu nane.