Mji wa Mimba Hausubiri

Mwaka 1958, jijini London, Anne McLaren na John Biggers walichukua viinitete vya panya vyenye seli nane, wakavilea katika chombo cha kioo kwa takriban siku mbili, kisha wakavipandikiza matumboni mwa panya wengine. Wakazaliwa panya wazima. Miaka 20 baadaye, Julai 1978, akazaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa binadamu aliyetungwa nje ya mwili wa mama.

Leo kuhamisha viinitete vya panya ni kazi ya kawaida katika maabara zinazochunguza saratani, kisukari na magonjwa ya kurithi. Lakini hata mikononi mwa mafundi hodari, sehemu kubwa ya viinitete hupotea njiani. Na anayestahili kuchunguzwa kwanza pale mambo yanapoharibika ni yule jike anayepokea, ambaye mara nyingi husahaulika kwa sababu macho yote yako kwenye hadubini.

Mwili wa jike huyo lazima uamini kwamba una mimba. Hupandishwa na dume aliyefungwa uzazi: mbegu hazitoki, ila tendo lenyewe huamsha homoni zinazoandaa mji wa mimba. Asubuhi yake watumishi wa maabara hukagua vizimba kimoja kimoja wakitafuta kizibo kigumu ambacho dume huacha ukeni. Kikionekana, mimba bandia huhesabiwa kuwa imefikisha nusu siku, na saa imeanza kukimbia.

Saa hiyo ndiyo kiini cha mambo. Mji wa mimba wa panya hukubali kiinitete kijishikize kwa muda mfupi tu, takriban saa 24, mnamo siku ya nne. Kikichelewa, ukuta hufunga mlango wake hata kama kiinitete hakina kasoro yoyote. Kiinitete kilichowahi, kwa upande mwingine, kinaweza kungoja kidogo. Ndiyo maana viinitete vya siku tatu na nusu kwa kawaida huwekwa kwa jike aliyefikisha siku mbili na nusu. Siku hiyo moja ya ziada si uzembe wa kuhesabu. Ni nafasi ya kiinitete kupumua, kwa kuwa kukaa nje ya mwili hukichelewesha kukua. Vile vichanga zaidi, vya seli moja au mbili, havipelekwi kwenye mji wa mimba kabisa. Huingizwa kwenye mrija wa uzazi wa jike wa nusu siku, mahali ambapo vingekuwa kama visingeondolewa.

Ukoo nao una uzito. Panya weupe wa CD-1 hupendwa kwa kazi hii kwa sababu wana miili mikubwa, huzaa vizuri na hutunza watoto wao, ilhali koo nyingi zilizozalishwa ndugu kwa ndugu ni dhaifu katika ulezi.

Kisha kuna mkono wa fundi. Mapovu mengi ya hewa, damu inayoziba mdomo wa pipeti ya kioo, au dakika kadhaa za ziada nje ya joto linalofaa, vyote hupunguza idadi ya watakaozaliwa. Hata hewa ya kiatamishi ina sauti yake: viinitete hustawi zaidi kwenye oksijeni ya asilimia 5 kuliko ile ya asilimia 20 hivi tunayovuta sisi, kwani ndani ya mrija wa uzazi oksijeni ni haba.

Baada ya upasuaji wa kupandikiza viinitete, utulivu ni sehemu ya tiba. Mwaka 1959 Hilda Bruce alionyesha kwamba harufu ya dume mgeni peke yake inaweza kuizuia mimba changa ya panya. Kumweka jike aliyepandikizwa karibu na madume wasiomhusu ni kuchezea kazi ya wiki nzima, na pia maisha ya mnyama aliyekwisha kupasuliwa. Kila jaribio linaloharibika hudai wanyama wengine, na hilo peke yake latosha kuufanya umakini kuwa wajibu.

Idadi pia hupimwa. Watoto wakiwa wawili watatu tu tumboni hunenepa kupita kiasi, uchungu huchelewa, na mara nyingine hubidi watolewe kwa upasuaji na kupewa mama mwingine awanyonyeshe.

Hata wakizaliwa salama, tumbo lililowabeba limeacha alama. Panya wa ukoo wa C3H kwa kawaida wana pingili tano za kiunoni, wa C57BL sita. Katika miaka hiyo ya 1950, McLaren na Donald Michie walihamisha viinitete kutoka ukoo hadi ukoo, wakakuta idadi ya pingili ikivutwa kuelekea upande wa mama mbebaji. Mtafiti anayeandika ukoo wa kiinitete bila kuandika ukoo wa jike aliyekibeba ameacha nusu ya taarifa nje ya daftari.