Hawaii: kuta za mawe ya volkano zinazosimama bila sima

Mkaaji wa Goma akiona picha za kuta za zamani za Hawaii, mawe yake atayatambua mara moja: ni meusi, yenye matundu madogo, kama yale yanayoachwa na Nyiragongo. Jambo la kushangaza ni kwamba kuta hizo, nyingine zenye zaidi ya miaka 200, zilijengwa bila sima wala chokaa.

Hawaii ni visiwa vilivyozaliwa na volkano katikati ya bahari ya Pasifiki, na leo ni jimbo la Marekani. Wenyeji walipanga jiwe juu ya jiwe, kazi wanayoiita uhau humu pohaku. Mawe makubwa ya chini huitwa niho, maana yake meno. Ukuta huinama kidogo kwa ndani, na mawe madogo hujaza nafasi katikati. Mvua ikinyesha, maji hupita bila kuusukuma ukuta.

Huko Honaunau, ukuta wa namna hiyo una urefu wa karibu metre 300 na unene wa metre 5 hivi. Ulizunguka mahali pa kimbilio. Mtu aliyevunja mwiko wa wakubwa aliweza kuuawa, lakini akifika huko akiwa hai, kuhani alimtakasa naye akarudi nyumbani.

Mwaka 1790, Kamehameha alianza kujenga hekalu la Puukohola, baada ya kuambiwa kwamba mungu wa vita akipewa nyumba, yeye atatawala visiwa vyote. Masimulizi ya wenyeji yanasema watu walisimama kwa mstari mrefu, wakipokezana mawe mkono kwa mkono kutoka bonde la Pololu, zaidi ya kilometre 30. Hekalu lilimalizika mwaka 1791, na kufikia 1810 visiwa vyote vilikuwa chini yake.

Wamisionari walifika mwaka 1820, na ujenzi ukabadilika. Kanisa la Mokuaikaua, lililomalizika mwaka 1837, lilijengwa kwa mawe ya volkano yaliyoshikamanishwa na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Mjini Honolulu, kanisa la Kawaiahao lilijengwa kati ya 1836 na 1842 kwa vipande karibu 14 000 vya matumbawe. Wazamiaji walivikata chini ya bahari kwa mkono, na kipande kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400.

Tarehe 15 Oktoba 2006, tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa sehemu za hekalu la Puukohola. Kulitengeneza kulihitaji watu wanaojua bado kazi ya zamani, sababu sima ingeziba njia ya maji na kubadilisha ukuta wenyewe. Mafundi hao walipatikana, na mawe yakarudishwa kama zamani: moja baada ya jingine, kwa mkono.