Ufuatiliaji wa vidubini vya majini kwa roboti

Ufuatiliaji wa vidubini vya majini kwa roboti ni njia ya kuchunguza bakteria na mwani wa ziwani au baharini kwa kutumia vihisio na mashine zinazotuma vipimo nchi kavu kwa redio.

Umuhimu wake ulionekana mnamo Agosti 2014 katika Ziwa Erie, Marekani. Mikrosistini, sumu ya sianobakteria inayodhuru ini, iliingia katika maji ya bomba ya mji wa Toledo, Ohio. Watu wapatao 400,000 walikatazwa kuyanywa. Kuyachemsha hakukufaa, kwa kuwa moto hauharibu sumu hiyo.

Kihisio cha kawaida hufungwa kwenye boya. Humulika maji, na rangi asilia ya sianobakteria hung'aa. Mng'ao ukiongezeka, bakteria hao nao ni wengi zaidi. Lakini si wote wanaotoa sumu, hivyo mng'ao pekee hautoshi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 iliwekwa ziwani humo maabara ya kiroboti iliyobuniwa na taasisi ya MBARI ya California. Huchuja maji, hupasua seli na kupima sumu palepale, bila kusubiri sampuli zisafirishwe.

Mawimbi ya redio hayafiki mbali ndani ya maji. Hivyo antena hukaa juu ya boya, na roboti zinazopiga mbizi huibuka ili kutuma vipimo.

Onyo la mapema huwawezesha wasafishaji wa maji kuongeza mkaa maalumu unaonasa sumu kabla maji hayajafika majumbani.