Safari ya Mbali Huanzia Mbezi na Mbagala

Mwananchi wa Visiwani anayekwenda bara kwa shughuli zake, awe ni mwanafunzi wa chuo kilichoko Dodoma, au mchuuzi kutoka Wete anayefuata duka la nduguye Mbeya, au mzee anayekwenda kumjulia hali binti yake aliyeolewa Songea, aghalabu huhesabu kuwa safari yake imekwisha nusu pale boti inapofunga gati Dar es Salaam. Hesabu hiyo ina kasoro. Kwa mtu mwenye fedha kidogo, bahari ndiyo sehemu nyepesi ya safari: saa mbili hivi, kiti kinajulikana, nauli inajulikana. Uzito unaanzia pale gatini, kwa sababu mabasi ya mikoani hayako mjini. Yako vitongojini, na kati ya bandari na vitongoji hivyo ndipo mfuko wa maskini unapotobolewa kabla gurudumu la basi halijazunguka hata mara moja.

Vijana wa leo huenda hawajui kuwa haikuwa hivyo siku zote. Zamani abiria wa bara alipandia Kisutu au Mnazi Mmoja, mahali anapoweza kufika kwa miguu kutoka bandarini, akiwa na kikapu chake kichwani. Baadaye mabasi yakahamishiwa Ubungo, na Februari 2021 Rais Magufuli akafungua kituo kipya cha Mbezi Luis, ambacho kimepewa jina lake. Mbezi Luis zamani ilihesabiwa Kinondoni. Siku hizi imo katika wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni kama vile Kigamboni ilivyomegwa kutoka Temeke. Kutoka gatini hadi huko ni zaidi ya kilometa 20. Abiria wa Lindi na Mtwara naye ana desturi yake: wengi wao hushika barabara ya Kilwa na kuvizia basi Mbagala, katika Temeke, upande mwingine kabisa wa jiji. Basi mgeni asiyeuliza anaweza kuzunguka jiji zima akitafuta basi ambalo lilimpita asubuhi.

Hatuwalaumu waliohamisha vituo. Jiji limekua, na mabasi makubwa yaliyokuwa yakisongamana katikati ya mji yalikuwa hatari kwa kila mtu. Kituo cha Mbezi ni jengo la heshima, lenye nafasi na paa. Lawama yetu ni kwamba aliyehamishiwa basi hakuhamishiwa njia ya kulifikia. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016, yalikuwa faraja kubwa, lakini njia yake ya kwanza ilikomea Kimara, na kutoka Kimara hadi Mbezi abiria mwenye mizigo alibaki na daladala, bajaji au bodaboda. Anayeshuka na boti ya jioni, ambaye begi lake limekwisha kupekuliwa forodhani (na suala la ushuru wa bidhaa za Visiwani lina ukumbi wake, hatutaligusa leo), hukutana na kundi la watu wenye sauti kubwa na upole wa ghafla. Huyu anambebea begi bila kuombwa; yule anamwambia basi la Mbeya linaondoka sasa hivi na tiketi anayo mfukoni; wa tatu ana teksi. Mgeni akishasema neno moja kwa lafudhi ya Unguja au Pemba, bei imepanda.

Hapana budi tuseme waziwazi namna ya kujikinga, maana gazeti lisilomsaidia msomaji wake kubana senti lina kazi gani? Nauli za mabasi ya mikoani zina kiwango cha juu kinachopangwa na mamlaka ya Serikali, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019. Katika viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, daraja la kawaida kwenye barabara ya lami liliwekewa shilingi 48.47 kwa kila kilometa, kutoka 41.29, na daraja la kati shilingi 67.84, kutoka 56.88. Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilometa zipatazo 830; ukizidisha unapata takriban shilingi 40,000 kwa daraja la kawaida na 56,000 kwa daraja la kati. Tofauti ni 16,000, na kwa familia nyingi hicho ni chakula cha siku kadhaa. Kwa hiyo swali la kwanza dirishani liwe, "Basi hili ni la daraja gani?" Wako mawakala wanaotoza nauli ya daraja la kati kwa basi ambalo ukiliona viti vyake utadhani lilitumika katika vita vya Kagera. Swali la pili ni tiketi: idaiwe ile ya mtandao, yenye jina la abiria, namba ya kiti na kiasi halisi kilicholipwa. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono na mtu aliyesimama chini ya mti haina mwenyewe siku ya mashtaka.

Kuhusu jina kwenye tiketi, wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa kwa maneno mengi. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam. Katika msiba ule wa kwanza idadi ya waliokuwemo ilibaki kuwa mzozo, kwa kuwa waliopanda walikuwa wengi kupita walioandikwa. Ziko nyumba ambazo hadi leo zinasoma hitima bila ya kaburi. Orodha ya abiria ina thamani ile ile nchi kavu. Basi linalojaza watu wa njiani, waliosimama na wasio na tiketi, linabeba wasafiri ambao mbele ya sheria hawapo.

Limebaki suala la usiku. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku, kwa sababu ya ajali na ujambazi wa barabarani. Mwaka 2023 Serikali iliondoa katazo hilo, na kuanzia Oktoba mwaka ule zikatolewa ratiba za usiku. Kwa msafiri wa kipato kidogo mabadiliko haya yalikuwa makubwa kuliko yanavyosimuliwa. Chini ya katazo, mabasi ya masafa marefu yaliondoka alfajiri, saa kumi na moja au saa kumi na mbili, na hakuna boti inayomfikisha mtu wa Unguja kabla ya saa hiyo. Alilazimika kulala. Mwenye jamaa Magomeni, Tandika au Mbagala alilala kwa jamaa, na shukrani ziwaendee watu wa vitongoji hivyo, ambao kwa miaka mingi wamekuwa gesti isiyo na malipo kwa nusu ya watu wa Visiwani. Asiye na jamaa alilipa chumba, au alijikunyata juu ya mzigo wake kituoni hadi kukuche. Sasa anaweza kushuka kwenye boti ya jioni na kuondoka usiku ule ule.

Walakini usiku una gharama ambayo haiandikwi kwenye tiketi. Dereva aliyeamka tangu asubuhi hawezi kushindana na mteremko wa Kitonga saa nane ya usiku. Upo utaratibu wa madereva wawili kwa safari ndefu, na upo mtambo wa kufuatilia mwendo wa basi ambao taarifa zake huenda LATRA. Taratibu hizi ni nzuri, na abiria anayo haki ya kuuliza kabla ya kupanda: dereva wa pili yuko wapi? Akionyeshwa kijana aliyelala kwenye buti pamoja na mizigo, ajue kwamba huyo ni utingo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1970 Serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikachukua usafiri wa jiji, na KAMATA ikachukua safari za mikoani. Fikra yake ilikuwa nyofu. Barabara ya Zambia ilikuwa inakamilika, reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilikuwa inajengwa kwa msaada wa ndugu zetu Wachina, na mkulima wa Njombe alistahili kufika Dar es Salaam kwa nauli isiyopangwa na tamaa ya mtu mmoja. KAMATA ilidhoofika kwa uhaba wa vipuri, matairi na fedha za kigeni katika miaka ya 1980, na kwa uongozi mbovu pia, tusifichane. Watu binafsi wakashika njia. Mabasi yaliongezeka, huo ni ukweli, na leo mtu hangoji siku tatu kupata kiti. Kilichopungua ni yule mtu wa kumlalamikia.

Yaliyotokea kwetu yametokea hata kwa matajiri. Katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, nchi tambarare ya ngano (wataalamu wa Kanada ndio walioshiriki katika mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, Hanang, ambayo wafugaji wa Kibarbaig wana malalamiko nayo hadi leo), serikali ya jimbo iliunda kampuni yake ya mabasi mwaka 1946 ili mtu wa kijiji cha mwisho asikose njia ya kufika hospitali ya mjini. Kampuni hiyo ilifungwa Mei 31, 2017, kwa hoja kwamba ruzuku yake imekuwa mzigo. Mwaka uliofuata, Oktoba 31, kampuni binafsi ya Greyhound nayo ikaondoa mabasi yake katika majimbo yale ya tambarare. Kutoka Winnipeg hadi Calgary ni kilometa zipatazo 1,300, zaidi ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Mwenye gari lake hakuona tofauti. Mzee asiyeendesha, mgonjwa, mwanafunzi, na wenyeji wa asili wa nchi ile waliopangiwa kuishi mbali na miji, hao ndio waliobaki kando ya barabara wakiomba lifti katika baridi inayogandisha mate. Nchi yenye fedha kiasi kile ilishindwa kumwekea mtu maskini kiti kimoja. Sisi viti tunavyo. Tunachopungukiwa ni usimamizi wake.

Usimamizi huo unapimwa njiani. Basi likishapita Chalinze na kuingia bonde la Mikumi, abiria wako mikononi mwa dereva na kondakta. Dakika kumi au kumi na tano za kula hutolewa kwenye mgahawa mmoja ambao wahudumu wa basi hula bure, na sahani ya wali pale ina bei ya mjini na nusu yake. Mwenye akili hubeba chake: mkate, tende, samaki wa kukaanga aliyekauka vizuri, na chupa mbili za maji, moja ya kunywa na moja ya udhu. Sheria imemrahisishia msafiri aliyevuka marhala mbili. Anapunguza rakaa nne kuwa mbili na anakusanya Adhuhuri na Alasiri, na dakika kumi zinamtosha iwapo hatazipoteza kwenye foleni ya msalani.

Na hapo kwenye msala pana aibu yetu. Basi likisimama porini, kondakta hutangaza "kuchimba dawa", na watu hamsini hutawanyika vichakani, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Wanaume wanacheka. Mama mtu mzima aliyevaa buibui, mwenye maradhi ya sukari, ametoka Mkoani au Chake Chake, naye anatakiwa kuchutama nyuma ya mbuyu kando ya barabara kuu inayopitwa na malori ya Tunduma. Wengi wao, kwa stara, hawanywi maji tangu jana yake, na wanafika Mbeya wakiumwa kichwa na figo. Halmashauri za wilaya zilizoko njiani hutoza ushuru wa nyanya Ilula na ushuru wa vitunguu Ruaha Mbuyuni. Choo safi cha abiria, chenye maji na mlango unaofungika, hakiwezi kuzishinda.

Wako watakaosema treni imekwisha kutuokoa. Treni ya umeme ilianza kufika Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huo huo, na stesheni yake haiko mbali na bandari. Ni jambo la kujivunia. Lakini ilianza safari za Dodoma kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, ambapo basi, kwa hesabu ile ile ya kilometa, lilikuwa haliruhusiwi kuzidi takriban 22,000. Na reli hiyo haiendi Mbeya, wala Songea, wala Mtwara. Watu wa kusini waliongoja vya kutosha: kabla Daraja la Mkapa lenye urefu wa meta 970 halijafunguliwa mwaka 2003, walivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na mvua za masika ziliwafungia njia kwa miezi. Hata baada ya daraja, kipande cha kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwatesa kwa miaka mingi.

Tunayoomba hayahitaji mkopo wa nje. Liwekwe dawati la Serikali pale bandarini, lenye ubao unaoonyesha nauli za kila mkoa, vituo vya kupandia na saa za kuondoka, kwa maandishi makubwa. Liwepo basi la kawaida, kwa nauli ya kawaida, linalongoja boti ya mchana na ya jioni na kwenda moja kwa moja Mbezi, na jingine Mbagala. Mamlaka za bahari na za nchi kavu zikae pamoja zitengeneze tiketi moja, ili mtu alipe Malindi na ajue kiti chake hadi Njombe. Wizara za pande mbili za Muungano zimekaa mara nyingi kwa mambo madogo kuliko hili.

Na watumishi wa umma wanaokwenda Dodoma kwa vikao, ambao magari yao meusi hupita Mbezi bila kupunguza mwendo, tunawaomba mmoja wao tu, mara moja kwa mwaka, aende kwa tiketi ya daraja la kawaida. Azimio la Arusha liliwakataza viongozi mambo mengi, lakini kupanda basi halikuwakataza. Ashuke na boti ya jioni akiwa na begi lake mwenyewe, atafute njia ya Mbezi bila dereva, akae kiti cha nyuma, na achimbe dawa pamoja na wananchi. Ripoti yake tutaichapisha katika safu hii bila ya kuipunguza neno.