Mafuta ya Karafuu si Karafuu

Nyumba ya Mswahili haikosi harufu njema: udi chetezoni, asumini kitandani, marashi katika mrashi. Mafuta ya mimea yanayouzwa vichupani si mageni kwetu. Tusilolizoea ni ukali wake.

Tuchukue karafuu. Kisiwani Pemba, makonyo na majani ya mkarafuu hupitishiwa mvuke. Mvuke ukipoa hurudi kuwa maji, na mafuta hujitenga. Mzigo mkubwa wa majani hutoa mafuta kidogo mno. Ndani yake mna yujenoli, ndiyo itiayo ganzi jino linalouma. Basi atiaye chembe mbili za karafuu katika pilau asidhani kuwa matone mawili ni sawa nazo.

Akina mama, mafuta haya hayanywewi. Mtoto mdogo akimeza hata kijiko kimoja cha chai, ini lake laweza kudhurika na fahamu zikampotea. Akimbizwe hospitali, wala asilazimishwe kutapika. Ya kujipaka mtu mzima huzimuliwa, tone 1 kwa vijiko 2 vya chai vya mafuta ya nazi, yakajaribiwa kwanza mkononi. Mtoto mchanga asipakwe kabisa, wala asitiwe ya mkaratusi puani. Kichupa kifungwe, kiwekwe juu, si pamoja na uturi mezani, ambako mikono midogo hufika.