Mpira Mmoja, Watoto Sitini

Mwanachuo anayesomea Elimu kwa Michezo katika chuo cha ualimu hudhaniwa amekimbia hesabu. Anaonekana na bukta yake na filimbi shingoni, watu wanahitimisha: huyu anajifunza kucheza.

Basi tupige hesabu. Kipindi kina dakika 40, darasa lina watoto 60, mpira ni mmoja. Mwalimu akiwapanga mstari mmoja, kila mtoto akadunda mpira hadi kwenye alama na kurudi kwa nusu dakika, zamu zote zitakula dakika 30. Kila mmoja atakuwa amecheza nusu dakika na kusimama juani dakika 29 na nusu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kipindi cha namna hiyo hakijawasogeza popote, ingawa kwenye andalio la somo kinasomeka vizuri kabisa.

Hapo ndipo kozi inapoanza kuwa taaluma. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Daryl Siedentop na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walibuni njia ya kukagua kipindi cha michezo kwa kumtazama mwanafunzi badala ya mwalimu: anafanya zoezi, anasubiri, au anasikiliza maelezo? Kipimo hicho hakimhurumii mwalimu msemaji.

Dawa ya foleni hiyo ni vituo. Watoto 60 hugawanywa makundi sita: hapa kamba, pale mipira ya matambara, kule shabaha iliyochorwa ukutani kwa chaki, kisha makundi yanabadilishana. Mchezo wa rede nao ni hazina. Unafunza kulenga, kudaka na kukwepa kwa mpigo mmoja, na haudai bajeti. Ajabu ni kwamba wapo walimu wanaouona wa kitoto mno kuingia kwenye somo.

Mkufunzi mzuri hufundisha pia nini cha kuacha. Mwaka 1968 mjini Mexico, Dick Fosbury aliruka mita 2.24 kwa kupita juu ya ufito kinyumenyume na kuangukia mgongo, akatwaa dhahabu ya Olimpiki. Aliangukia godoro nene. Shule yenye shimo la mchanga tu haina sababu ya kuiga mtindo huo. Watoto waruke kwa mtindo wa mkasi, ambao huwafikisha chini kwa miguu.

Mtoto asiyeona je? Mara nyingi hukabidhiwa saa au huwekwa kivulini alinde mashati ya wenzake. Ipo goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, ukaingia Paralimpiki mwaka 1976. Mpira wake una kengele ndani na wachezaji wote hufungwa macho. Chuo kisicho na mpira huo huanza na chupa ya plastiki yenye kokoto.

Upande wa afya wa kozi hii ni mpana zaidi: lishe, hedhi, usafi, maji ya kunywa wakati wa joto. Lakini kinachomkuta mwalimu mapema ni kifundo cha mguu kilichoteguka. Desturi ya nyumbani ni kukikanda papo hapo kwa maji ya moto, na ndiyo inayozidisha uvimbe, kwa kuwa joto hupanua mishipa ya damu. Mwanachuo hufundishwa kumpumzisha mtoto, kukipoza kifundo kwa kitambaa cha maji baridi, kukifunga bandeji isiyobana mno na kuuinua mguu. Kisha kuna kipimo kilichotoka kwa madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, ambacho hata asiye daktari anaweza kukianza: mtoto akishindwa kukanyagia mguu huo hatua nne, hata kwa kuchechemea, apelekwe hospitali, maana huenda akahitaji eksirei.